Maji ni msaidizi tu katika kupunguza uzani

Muhula uliopita, nilipokuwa nikitoka katika ukumbi wa mihadhara, nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja ameketi kwenye ngazi, kichwa amekiinamisha magotini, na kando yake pana chupa kubwa ya maji iliyobakia robo. Wenzake walinieleza kwamba alikuwa ameshikwa na kizunguzungu. Nilipomuuliza alikuwa amekula nini siku hiyo, alinijibu kwa sauti ya chini, "Sijala, Mwalimu. Ninakunywa maji." Nikamuuliza alikuwa ameanza lini. "Hii ni wiki ya pili," akasema. "Maji yanapunguza uzani."

Tulimtafutia chai na mkate, na baada ya kitambo akapata nguvu za kusimama. Hata hivyo, sentensi yake ya mwisho haikunitoka akilini. Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa isimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno. Lakini sentensi ile ilikuwa na maneno matatu tu, na binti yule alikuwa ameiegemea kama mtu anavyoegemea fimbo penye utelezi. Nikaona ni wajibu wangu kuichunguza, nikianza na sarufi yake, kisha nitazame waliosoma mambo ya mwili wamethibitisha nini.

Kitenzi "pungua" hueleza hali bila kumtaja anayeisababisha. Tukisema "uzani umepungua", hatujasema ni nani aliyeupunguza wala ni nini. Tukikinyambua kikawa "punguza", tumekitia katika kauli ya kutendesha, na papo hapo lazima apatikane msababishaji. Katika sentensi ya mwanafunzi wangu, msababishaji ni maji. Yeye mwenyewe hayumo. Hali wala haachi kula, hatembei wala haketi; kazi yote imeachiwa maji.

Sasa tuilinganishe na sentensi nyingine: "Maji husaidia kupunguza uzani." Kitenzi "saidia" hudai pande mbili, yaani anayesaidia na mwenye kazi. Msaidizi wa mwashi hukoroga saruji na kubeba mawe, lakini mwashi asipofika, hapana ukuta utakaosimama. Ninadai kwamba sentensi hii ya pili ina ukweli, ingawa ni ukweli wa kiasi, ilhali ile ya kwanza haina. Umbali baina ya sentensi hizo mbili ndio uliomwangusha binti yule kwenye ngazi.

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Imani hii haikuzuka hewani. Mwaka 2003, watafiti wa Berlin, Ujerumani, waliwapa watu 14 wenye afya, wanaume 7 na wanawake 7, nusu lita ya maji, kisha wakapima kasi ambayo miili yao ilitumia nishati. Walitangaza kwamba kasi hiyo ilipanda kwa asilimia 30 kwa muda. Habari hiyo ilienea upesi, na hadi leo kuna matangazo ya biashara yanayoitegemea. Kilichoenea kwa uvivu ni habari ya mwaka 2006. Watafiti wa Fribourg, Uswisi, walirudia jaribio la namna hiyo, na maji ya kawaida hayakuongeza chochote. Maji yaliyopozwa hadi nyuzi 3 ndiyo yaliyoongeza matumizi ya nishati, tena kwa asilimia 4.5 tu katika muda wa saa moja.

Hata bila maabara, mwalimu wa fizikia anaweza kulipiga hesabu jambo hili ubaoni. Tuseme mtu anakunywa lita 2 za maji yenye joto la nyuzi 20 kila siku, na mwili unayapasha hadi nyuzi 37. Kazi hiyo itahitaji kalori 34 zile tunazohesabia chakula. Vijiko viwili vya chai vya sukari vina kalori karibu hizo hizo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huweka akiba ya kalori 7,700 hivi. Kwa hiyo, hata tukikubali kwamba joto lote hilo linatokana na mafuta, jambo ambalo haliwi kwa kuwa mwili huzalisha joto la ziada wakati wote, mnywaji wetu atangoja zaidi ya miezi 7 ili apoteze kilo moja. Na akitia kijiko kimoja cha ziada cha sukari katika chai ya asubuhi na kimoja katika ya jioni, atakuwa amekirudisha chote alichokipata.

Kuna kitenzi kingine kinachoipamba imani hii, nacho ni "yeyusha". Husemwa kwamba maji huyeyusha mafuta, au huyaosha yakatoka mwilini, kama sabuni inavyoosha sufuria. Picha hiyo inavutia kwa sababu kila mmoja wetu ameona mafuta yakiyeyuka na sufuria ikitakata. Mwili haufanyi kazi hivyo. Mwaka 2014, Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha hesabu ya mahali mafuta yanapokwenda mtu anapopungua. Katika kila kilo 10 za mafuta zinazotumiwa na mwili, kilo 8.4 hutoka mapafuni katika umbo la gesi ya kaboni dioksidi, na kilo 1.6 zilizobaki hugeuka maji. Yaani sehemu kubwa ya mafuta tunaipumua nje. Waandishi hao waliwauliza pia madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi swali hilo hilo, na wengi wao walikosea. Basi mwanafunzi asione haya kwa kutolijua. Lakini akishalijua, ataona kwamba maji, hata yakinywewa pipa zima, hayana njia ya kuyafikia mafuta na kuyaosha. Mafuta huondoka pale mwili unapotumia nishati nyingi kuliko ile inayoingia kwa chakula na vinywaji.

Je, maji hayasaidii kabisa? La, yanasaidia, na hapa ni haki tuyape sifa yanayostahili. Katika jimbo la Virginia, Marekani, watafiti waliwachukua watu 48 wa umri wa miaka 55 hadi 75 waliokuwa na uzani uliozidi, wakawapa wote utaratibu wa kula chakula kilichopunguzwa. Nusu yao waliambiwa wanywe nusu lita ya maji kabla ya kila mlo mkuu. Baada ya majuma 12, wanywaji maji walikuwa wamepungua kilo 2 hivi zaidi ya wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Mwaka 2015, watafiti wa Birmingham, Uingereza, walichapisha utafiti wa watu wazima 84 wenye unene wa kupindukia. Wote walipata ushauri juu ya uzani wao. Kundi moja lilikunywa nusu lita ya maji nusu saa kabla ya kula, na jingine liliambiwa liwaze tu kwamba tumbo limejaa. Baada ya majuma 12, tofauti ilikuwa kilo 1.3 kwa faida ya wanywaji maji.

Msomaji na atazame vizuri watu hao ni akina nani. Wa Virginia walikuwa wazee au waliokaribia uzee, na wote, wanywaji na wasiokunywa, walikuwa wamepunguza chakula kwa mpango. Hakuna aliyefanya maji kuwa chakula. Maji yalikuja kabla ya mlo, na mlo ukafuata. Fauka ya hayo, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba maji ya kabla ya mlo yaliwafanya wazee kula kidogo, lakini vijana hayakuwabadilisha. Mwanafunzi wa miaka 20 anayeyatarajia matokeo ya bibi wa miaka 65 anavaa kanzu iliyoshonewa mwingine.

Msaada ulio mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauko katika maji yanayoingia bali katika kinachoachwa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina kiasi cha gramu 30 za sukari, yaani vijiko 7 vya chai na zaidi, na kalori zipatazo 120. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ishuke chini ya asilimia 5, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Chupa moja imekwisha kuruka ua. Chai yetu nayo tusiisahau. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku na kutia vijiko vitatu katika kila kikombe, amekunywa vijiko 9 vya sukari, ambavyo ni kalori 145 hivi, kabla hajagusa andazi.

Nchini Uholanzi, watoto 641 walifuatiliwa kwa miezi 18. Kila siku wengine walipewa kinywaji cha mililita 250 chenye sukari, na wengine kinywaji kama hicho kisicho na sukari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliokosa sukari waliongezeka uzani kwa kilo moja pungufu ya wenzao. Watoto hao hawakunyimwa chakula wala kinywaji. Walichoondolewa ni sukari tu. Maji yanapokaa mahali pa soda, basi, faida yake ni ya namna hiyo. Yanapokaa mahali pa githeri au ugali na sukuma wiki, hiyo si faida tena. Ni njaa iliyobatizwa jina zuri.

Kuna imani nyingine inayotembea bega kwa bega na hii, nayo ni ile ya bilauri 8 kwa siku. Asili yake mojawapo inafikiriwa kuwa pendekezo la bodi ya chakula na lishe ya Marekani la mwaka 1945, lililotaja lita 2.5 za maji kwa siku kwa mtu mzima. Sentensi iliyofuata ilieleza kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo tayari katika vyakula. Watu wakaishika sentensi ya kwanza na kuiacha ya pili. Mwaka 2002, Heinz Valtin, bingwa wa mambo ya figo nchini Marekani, alichunguza maandishi ya kisayansi na hakupata ushahidi wa kuwalazimisha watu wote wenye afya wanywe bilauri 8. Walimu wa ufahamu tunawaonya wanafunzi kila siku wasijibu swali kabla ya kumaliza kusoma kifungu. Dunia nzima ilianguka katika mtihani huo. Uji, supu, mboga, machungwa, na hata ugali wenyewe, vyote hutuletea maji. Kwa walio wengi wenye afya, kiu ni kipimo cha kutosha, ingawa kazi ngumu na jua kali huongeza mahitaji.

Wala isidhaniwe kwamba maji hayana madhara kwa kuwa ni maji. Figo zina kiwango cha kazi ziwezacho kufanya kwa saa moja. Mtu akinywa kupita kiasi hicho kwa muda mfupi, chumvi ya damu huzimuliwa, ubongo huvimba, na anaweza kuzirai au hata kufa. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, ambamo Wakenya Rodgers Rop na Margaret Okayo waliibuka washindi, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikutwa chumvi yao imeshuka chini ya kiwango cha kawaida. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa sana hata wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Mwenye kukesha na chupa mdomoni huku tumbo halina chakula anacheza na hatari ya jamii hiyo.

Hapa yafaa tuitazame lugha yetu yenyewe. Zamani si za mbali, mtu akikutana na jamaa yake baada ya miezi mingi akamwambia "umenawiri", alikuwa amemsifu. "Umekonda" lilikuwa swali lililofichwa, likiuliza kama mtu ameugua au amefiwa. Leo wasichana wetu husikia "umenawiri" wakaenda kujitazama kiooni kwa huzuni, na "umekonda" wakashukuru. Sisemi kwamba unene wa kupindukia si tatizo. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi. Kisukari na shinikizo la damu ni maradhi ya kwetu, wala si ya wageni. Lakini mwanafunzi wangu hakuwa mnene. Alikuwa msichana wa kawaida aliyeambiwa neno moja na rafiki. Mwili wa kijana si insha ya kuandikiwa masahihisho kwa wino mwekundu, na sisi walimu tunaotania darasani juu ya maumbo ya wanafunzi tunastahili kujiuliza maneno yetu yanawafikisha wapi.

Nini kifanyike? Mfano mzuri unapatikana Ujerumani, katika miji ya Dortmund na Essen. Katika mwaka wa masomo wa 2006 hadi 2007, watafiti walizichukua shule za msingi 32 katika mitaa ya watu wasiojiweza. Katika baadhi yake waliweka mabomba ya maji ya kunywa, na walimu wakafundisha masomo manne juu ya maji. Watoto karibu 3,000 walihusika. Katika shule zenye mabomba, watoto waliongeza takriban bilauri moja kwa siku, na hatari ya kuwa na uzani uliozidi ikawa chini kwa asilimia 31 ikilinganishwa na shule nyingine. Uzani wa wastani wa watoto haukubadilika, kwa hiyo tusiseme kwamba maji yaliwakondesha. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapo palikuwa na mabomba, masomo, walimu na mwaka mzima wa kuzoea. Maji yalisaidia, na wenye kazi walikuwapo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kutokuwa na njaa. Hizo ni haki mbili, na moja haikuandikwa ili ichukue nafasi ya nyingine. Shule ambayo mwanafunzi hupata soda katika kantini kwa urahisi kuliko maji salama bombani imepindua mambo. Tunapowahimiza watoto wanywe maji, tuhakikishe kwanza kwamba maji hayo hayatawaletea kipindupindu au homa ya matumbo. Wakuu wa shule na kamati za wazazi wanaweza kuanzia hapo.

Nao walimu wa Kiswahili tuna zana yetu. Chukueni matangazo matatu ya bidhaa za kupunguza uzani, muwape wanafunzi, muwaulize: kiima ni nini? Kitenzi kiko katika kauli gani? Ni nani anayetenda, na ni nani aliyefichwa? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza maswali hayo hatadanganywa kwa urahisi na muuza dawa, wala na mwanasiasa.

Majuma kadhaa baada ya kisa kile, binti yule alikuja ofisini mwangu na chupa yake mkononi. Nilimweleza machache kati ya haya, na kumshauri aende kwa mhudumu wa afya wa chuo kama bado uzani wake ulimtia wasiwasi. Alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, niache maji?"

"La, mwanangu," nilimjibu. "Yanywe maji yako. Kisha nenda ukale."